Kipande cha Marehemu Mama na Singlendi Yangu

Jamani, hili jambo nilikuwa nimeapa silisimulii, lakini kwa kuwa nusu ya watu wa Masaki ya Kisarawe waliliona kwa macho yao na nusu iliyobaki wametumiwa kwenye simu, nafichaficha nini tena? Bora mlisikie kwangu mwenyewe. Mkitaka kucheka chekeni, mimi nimeshalia.

Natengeneza programu za kompyuta pale Kibaha (ni hizi za maduka na studio za picha, msinikuze). Mwaka huu nilikuwa na moja ya kutunzia picha na video za sherehe, na kitu nilichojivunia kuliko vyote ni kwamba huhangaiki kutafuta faili liko wapi: unaishika video kwa mausi mle mle ndani ya programu, unaiburuta mpaka nje, unaiachia kwenye flashi, imeingia. Mtu anaona rahisi, lakini kuifanya ikubali kutoka nje ilinitoa jasho kwelikweli. Sasa katika kujaribu, ili nisisumbuke, nikaiambia programu kwamba chochote nitakachoburuta ichukue jina lake tu, ila ndani iweke video yangu moja ya majaribio. Nikaburuta, nikaachia, jina likatua kwenye flashi, nikajipigia makofi. Kulifungua nione ndani kuna nini? Nikasema aah, jina si lipo! Ile video ya majaribio nikasahau kabisa kuitoa.

Basi, kuna binti anaitwa Rehema, wa huko Masaki, tunapendana, na baba yangu mdogo anayeishi Magindu alikuwa amekubali kuwa mshenga, Ijumaa inayofuata aende kwao kupeleka posa. Kwetu mwoaji hajipeleki, anakaa nyuma na adabu zake mpaka wazee wamalizane. Kabla ya hiyo Ijumaa dada yake Rehema, Zuhura, akawa na sendofu, sherehe ya kuagwa kabla ya ndoa, na Rehema akanikabidhi kazi.

"Idi, kuna kile kipande cha video cha mama, cha mwisho kabla hajafariki, anamwombea dua Zuhura. Kionyeshwe pale ukumbini. Baba hajawahi kukiona. Tafadhali usiniangushe."

Nikasema hapa hapa, mzee anijue kabla mshenga hajabisha hodi.

Kompyuta iliyounganishwa na projekta ilikuwa ya MC, kwa hiyo kilichotakiwa ni mimi kukopi kile kipande kutoka kwenye kompyuta yangu, nikitie kwenye flashi, nimpe. Kukopi kawaida kunamshinda nani? Lakini mimi na kujionyesha kwangu nikamfuata Mzee Shomari, baba yao, nikampa shikamoo, nikamwambia, "Baba, hebu njoo uone kitu nilichotengeneza mwenyewe." Nikakiburuta mbele ya macho yake, nikakiachia. Mzee akasema, "Mashallah, kijana." Kichwa kikavimba, nikampelekea MC flashi natembea kama nimeshaoa.

MC akaomba ukimya, akasema sasa tunamsikiliza mama. Zuhura ameshashika leso, mashangazi wameshaanza kufuta macho, mzee amesimama. Skrini ikawaka.

Mimi. Na singlendi, fulana ya ndani tupu.

Ile video ya majaribio nilijirekodi chumbani nikifanya mazoezi ya ukwe (ndiyo, ujinga wangu huo). Sauti inanguruma kwenye maspika: "Shikamoo baba mkwe! Nimekuja kumchukua Rehema!" Kisha najijibu kwa sauti ya mzee, na kikohozi chake kile kile: "Khm, khm, kijana, kwanza unaswali wewe?" Nikatoka mbio niizime, nikajikwaa kwenye waya wa projekta, picha ikakatika lakini sauti, wallahi, sauti ikaendelea, na skrini ikiwa tupu ukumbi mzima ukanisikia nacheka na kusema, "Mzee akigoma namtorosha tu, atatuona tumerudi na mjukuu."

Kuna waliocheka. Kilichoniua si wao, ni Zuhura, ameinama analia, na hakikuwa kile kilio alichojiandaa nacho. Rehema akaja, hakunitazama hata usoni, akakopi kile kipande kwa njia ya kawaida, akampa MC. Projekta ikarudishwa, mama yao akaonekana amekaa kitandani, anasema, "Zuhura mwanangu, Mungu akupe nyumba ya heri." Watu walilia. Mimi nilikuwa nje, nyuma ya ukumbi, naona aibu hata kulia nao.

Mzee Shomari alinifuata huko huko. Nikapiga magoti, nikamwambia baba nisamehe. Hakupandisha sauti.

"Ungenitania sebuleni kwangu ningekuvumilia," akasema. "Lakini leo umesimama mahali pa mke wangu."

Akageuka akaondoka, na mimi nikabaki pale pale na magoti yangu mchangani. Kesho yake baba mdogo akapiga simu kutoka Magindu, habari zimeshamfika. "Idi, mimi Ijumaa siendi. Niende nikaseme nini ambacho wewe hujakisema?"

Siku hizi hakuna faili linalotoka mkononi mwangu sijalifungua na kulitazama mwanzo mpaka mwisho, na mbele ya wakwe wa watu sitajionyesha tena maisha yangu yote. Rehema anapokea simu zangu, ila anasema jambo moja tu: "Mtafute mtu mzima aje aongee na baba." Nimewafuata mjomba, imamu wetu na jirani yangu mmoja mwenye heshima zake. Wote wako tayari kwenda kuniombea msamaha, ila kila mmoja anasema kwanza nimwonyeshe ile video.