Bibi Harusi wa Miaka Thelathini na Saba

Kuna watu hapa Manchira mpaka leo wakinikuta sokoni wananiuliza, "Karani, leo ni mwaka gani?" na mimi nainamisha kichwa najifanya nachagua nyanya, kwa sababu kosa lilikuwa langu na siwezi kulikana, basi acheni niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine waliotia chumvi.

Mimi ni karani wa kanisa letu, na kompyuta yetu ya ofisini ni ya zamani kiasi kwamba (sitanii) ukiiwasha inaunguruma kama mashine ya kusaga. Kuiacha hatuwezi, maana programu ya vyeti vya ndoa alitutengenezea mgeni mmoja aliyeshaondoka zamani, na mashine mpya zinaikataa. Ubaya wake ni ile betri ndogo ya ndani inayotunza saa, ilishakufa, kwa hiyo umeme ukikatika tu kompyuta inaamini tumerudi Januari 2002, na lazima uirekebishe tarehe kwa mkono.

Sasa Jumamosi hiyo tulikuwa na harusi ya Mzee Chacha na Bibi Bhoke. Ng'ombe wa mahari walishatolewa zamani, wameishi pamoja zaidi ya miaka arobaini, watoto saba, wajukuu sijui wangapi, kilichobaki kilikuwa kanisa tu. Bibi alikuwa amekataa muda mrefu, na alipokubali alikuja ofisini akanishika mkono.

"Mwanangu, mimi sitaki makubwa. Naogopa kuchekwa tu, bibi mzima na shela."

"Hakuna atakayekucheka, bibi," nikamwambia, tena kwa kujiamini.

Asubuhi ya harusi umeme ukakatika, ukarudi kwaya imeshaanza kuimba. Nikawasha kompyuta, nikajisemea tarehe ya juu ya cheti nitaiandika mwenyewe, hiyo saa nitairekebisha baadaye. Uamuzi wenyewe ni huo tu. Nikakagua majina herufi kwa herufi (Bhoke ukisahau ile h watu wa huku hawakusamehi), nikachapa, nikakimbia nacho kanisani, nikasahau kabisa kwamba umri programu inaupigia hesabu yenyewe, inatoa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa saa yake.

Mchungaji wetu husoma cheti chote kwenye kipaza sauti kabla watu hawajatia sahihi. "Bibi harusi, Bhoke, umri miaka thelathini na saba."

Mtu akakohoa. Bibi ana miaka sitini na moja! Mchungaji (yeye akianza kusoma hasimami) akaendelea, "Shahidi wa bibi harusi, mjukuu wao Neema, umri miaka... kasoro miwili."

Kanisa likapasuka kwa kicheko, maana kwa hesabu ya mashine Neema alikuwa hajazaliwa bado. Akina mama wa kwaya wakaegemeana, Neema mwenyewe, msichana wa chuo, akacheka mpaka anafuta machozi, na mimi nikajibanza nyuma ya ngoma. Kisha nikamwona Bibi Bhoke ameshusha shela usoni, mabega yanatetemeka.

Mzee Chacha akasimama na fimbo yake.

"Mchungaji, soma tena hapo kwa mke wangu."

"Mzee, ni kosa la mashine..."

"Soma."

"Miaka thelathini na saba."

"Alipokuwa na miaka hiyo nilivunjika mguu," mzee akasema. "Huyu alilima peke yake, akachunga peke yake, na mimi akanibeba mgongoni mpaka zahanati. Nikamwahidi nikipona nitamleta hapa. Nikapona, nikakaa. Mashine haijakosea, mura, kijana wangu. Mimi ndiye niliyechelewa."

Hakuna aliyecheka tena. Bibi akafunua shela, analia, akamwambia kwa Kikurya maneno ambayo si yangu kuyatangaza, akamvuta mkono aketi.

Jumatatu nikapeleka nyumbani kwao cheti kingine, chenye umri sahihi, nikapiga magoti nikaomba radhi. Bibi akanipa maziwa ya mgando, akakipokea, lakini nilipoomba kile cha kwanza nikakichane akakisukumiza chini ya kanga.

"Hicho kipya ni cha kanisa," akasema. "Hiki ni changu."

Betri nilinunua siku hiyohiyo. Lakini hata hivyo, hata Mchungaji asimame mlangoni ananihimiza, sichapi neno moja kabla sijaitazama ile saa, maana si kila kosa langu litapata Mzee Chacha wa kulisimamia.