Picha Tatu za Fungate

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipofungua mgongo wa kamera mbele ya ukumbi mzima wa wanawake kwa sababu nilitaka kusifiwa. Leo nacheka. Siku ile nililia mpaka wanja ukanifika kidevuni.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, msichana wa pekee hapa Msambweni anayepiga picha. Mjomba wangu mwenye studio Ukunda ndiye aliyenifundisha. Kazi nilikuwa nayo tele, maana siku ya kumtoa bi harusi huwa ni wanawake watupu, na mpiga picha mwanamume haingii. Basi nikavimba kichwa. Kamera niliivaa shingoni hata nikienda kuteka maji.

Siku hiyo aliolewa rafiki yangu Zuhura. Aliyemlea ni bibi yake, Bi Mwanatumu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Fungate ikiisha, zile siku saba maharusi wanapokaa nyumbani kwa bi harusi, Zuhura angehamia Bodo kwa mumewe. Bi Mwanatumu akanivuta kando.

"Nipigie mjukuu wangu vizuri," akaniambia. "Nataka awe ukutani, nimtazame wakati bado naona."

Nikaitikia haraka, nikaenda kupiga ovyo ovyo, kwa mbwembwe nyingi, picha thelathini na mbili. Wanawake wakanisonga. Zuhura ametokaje? Hebu tuone. Nilijua kabisa kwamba filamu ikiona mwanga huungua, mjomba alinikanya hata ulimi ukamchoka. Lakini sifa zilishanilevya. Nikajiambia nafungua kidogo tu. Nikafungua, na wote wakainama kuangalia. Walichoona ni utepe wa kahawia, usio na Zuhura wala kungwi wake.

Nikafunga upesi. Nikaenda kwa Bi Mwanatumu, nikamweleza kila kitu.

"Wali umepaliwa makaa juu," akasema, "wewe wafunua uone nini?"

Nikamwambia zimebaki picha tatu tu, zile ambazo utepe wake ulikuwa bado umejificha ndani ya kikopo, na kwamba kesho nitakwenda Ukunda nilete filamu nyingine.

"Huendi popote. Siku ya saba tutampamba tena. Hizo tatu zakutosha, na utaketi naye kutwa nzima kabla hujabonyeza."

Ulidhani wanawake walinuna? Walipata kisa cha kuimba mara ya pili. Siku ya saba walikuja wengi kuliko siku ya harusi, na udi wao na viazi vya karai. Mimi nikaketi na kamera mapajani. Kwa mara ya kwanza nikamwona rafiki yangu. Niliona akitaka kucheka hukunja pua kwanza. Niliona namna anavyomshika bibi yake kiganja bila kujijua. Alasiri, pua ilipokunjwa na kiganja kiliposhikwa, nikabonyeza. Mara tatu, basi.

Zote zilitoka. Bi Mwanatumu alitundika moja kando ya kitanda chake, akaiangalia kila asubuhi kwa miaka minne, mpaka macho yakagoma. Ya pili Zuhura alikwenda nayo Bodo, na ya tatu ninayo mimi hapa sebuleni.

Sasa naona mambo yamerudi. Vijana wa Ukunda wananunua santuri na kaseti tulizozitupa, na mjukuu wangu Saumu, anayefanya kazi hotelini Diani, miezi michache nyuma alikuja na kamera ya filamu shingoni.

"Shikamoo, Bibi. Humu ndani mna picha kumi nilizokupiga. Nifungue kidogo tuone?"

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kifungio. Niliruka, mwanangu, mimi mwenye magoti haya. Bakora huku, leso kule, mkono mbele, nikipiga kelele asifungue. Nikasikia *ka-cha*. Kumbe alikuwa akinitania, na hapo hapo amenipiga picha.

Filamu ilipelekwa Nairobi kusafishwa. Tulingoja wiki tatu, na kila jioni nikimuuliza kwa simu kama zimefika, maana hamu ilinirudisha msichana. Zilipofika, iliyonifurahisha ni ile: mdomo wazi, mkono umenyooka, nimefanana na Bi Mwanatumu kabisa. Tumeitundika kando ya Zuhura.

Nasaha yangu ni hii. Simu yako ina picha elfu, nami sikukatazi. Lakini umpendaye mtazame kwanza, kaa naye mpaka ujue anachekaje, ndipo ubonyeze. Na likishapikwa jambo lako, liache liive, usilifunue kwa ajili ya kusifiwa na watu. Ukikosea, kaseme mwenyewe kwa uliyemkosea, huenda akakupa siku ya saba.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona walio karibu nawe, na subira ya kungoja, na nyumba ambayo kuta zake zimejaa watu wanaocheka. Amina.