Yowe la wizi wa ng'ombe limetoka kwenye spika yangu

Leo nimekoswakoswa na marungu kwa sababu ya albamu. 😅

Mnaijua black metal yangu, ile roki nzito ya nchi za baridi ambayo nyote mmegoma kuisikiliza. Nimepata albamu moja haijulikani kabisa, imechanganywa na ngoma za asili za kwao. Nikaweka spika dirishani, sauti juu, nikaanza kufua.

Inaanza na upepo. Halafu kengele za ng'ombe.

Halafu jamaa anapiga ukelele mrefu, wa uchungu.

Sasa huku Morotonga, kengele na yowe maana yake ni moja tu: wezi wamepita na mifugo!

Nageuka, uwanja umejaa majirani na marungu. Mzee Marwa mbele, anahema. "Wamepita wapi?"

"Shikamoo mzee. Ni... muziki."

Yowe la uongo kwetu unatozwa mbuzi, na mimi sina hata kuku.

Hapo kwenye muziki zikaingia nyuzi, taratibu, kama za litungu, ala yetu ya asili. Mzee akashusha rungu, akakalia ndoo yangu.

"Huyu anayelia, ng'ombe wake walipatikana?"

"Sijui, mzee."

"Basi usizime."

Tumeisikiliza yote, marungu chini. Ninyi mliogoma, mnasemaje?