Udongo wa Mapango ya Tembo

Tangu tumzike mtoto, mume wangu alikuwa hajamtaja hata mara moja. Alizaliwa kimya, tukamzika nyuma ya nyumba kule kijijini Daa, na kesho yake wanawake wa kanisani wakaja kunifulia nguo. Nilichotaka kwa mume wangu ni kitu kidogo tu: aseme kwamba tulikuwa na mtoto. Yeye akaazima gari kazini, akaniambia twende tukatembee.

Kazi yake ni kuendesha watalii. Njia nzima alinieleza mambo ninayoyajua tangu shule ya msingi, huu ni msitu wa Ngorongoro, pale ndipo mpaka wa hifadhi. Mtu akikosa la kusema nyumbani, husema la kazini. Nilitazama mashamba ya ngano yakipita, nisione uzuri wala ubaya. Hata hasira sikuwa nayo. Nilikuwa nimekufa ganzi.

Getini tulipewa askari wa kutusindikiza na bunduki yake, mtu mzima mchangamfu, tukapanda msituni kwa miguu hadi mapangoni.

"Mapango ya Tanga ni ya mawe ya chokaa, yale yalichimbwa na maji," mume wangu alisema. "Haya wamechimba tembo kwa pembe zao. Wanafuata chumvichumvi ya udongo."

Ukuta ulikuwa mwekundu, umejaa michirizi ya pembe. Aliongea huku akitazama juu ya bega langu, utadhani kuna kundi la wageni nyuma yangu.

Mkono wangu ukamega kipande. Miezi yote ya mimba nilikula udongo, ule wa sokoni Karatu, na mkono ulikuwa bado haujajua kwamba mambo yamekwisha. Nikatia mdomoni, nikatafuna.

Askari akacheka kwa furaha. "Kumbe tuko na mama kijacho. Hongereni sana, jamani."

Nilijua mume wangu atashukuru, atatabasamu, safari iendelee, maana ndivyo anavyowafanyia wageni wake. Badala yake akavua kofia.

"Hapana, mzee. Alishazaliwa. Wa kike," alisema. "Tumemzika."

Askari akasema pole, pole sana mama. Mume wangu alikuwa analia. Maneno niliyoyangoja nilikuwa nimeyapata, nikajisikiliza moyoni nione yamegusa wapi. Hayakugusa popote. Nikameza ule udongo, nikamshika mkono, kwa sababu mke hufanya hivyo.