Ukweli wa Siku ya Ukaguzi

Saa mbili asubuhi, barazani kwa dada yake, mama wa watoto watatu anajaribu kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Mara ya nne unapita. Ncha za vidole zimekufa ganzi, na kucha zina weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa jiwe.

Ni rangi ya kiwandani. Kwa miaka kumi na mmoja alitia rangi nguo zenye lebo ya kijani: "Zimetengenezwa kwa kujali watu na maji."

"Maji yalitoka na dawa zake, yakaingia mferejini hivi hivi," anasema. "Na watu ndio sisi."

Wenzake walimwita Bi Kweli kwa utani, maana hajui kufunika kombe.

Kila mwaka, mkaguzi wa wanunuzi alipokuja, wafanyakazi waligawiwa glavu. Akishaondoka, zinarudishwa stoo. Mwaka jana mkaguzi, binti mpole, alimuuliza glavu zake amezipata lini.

"Nikamwambia, leo asubuhi, mwanangu. Ningesemaje? Zilikuwa bado zinanuka mpira."

Miezi miwili baadaye mnunuzi alihamishia oda kwingine, akatangaza kwamba anasimamia maadili. Mfereji haukusafishwa. Idara ya rangi ikafungwa, wanawake sitini na wawili wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mmoja wao ni shoga yake, ambaye walichangia naye pipa moja la rangi kwa miaka tisa.

"Alipougua nilikwenda kumtazama. Akanisimamisha mlangoni: 'Wewe na ukweli wako, mmetulisha nini?' Nikaacha unga niliombebea, nikaondoka."

"Mdomo uliponza kichwa," anasema dada yake, akimsogezea chai. Hamlaumu. Anayo tu hofu ya wapangaji wanne wapya, Bi Kweli na wanawe, katika vyumba viwili.

Siku hizi Bi Kweli anashona viraka. Siku ikiwa nzuri, anapata bei ya kilo mbili za unga.

Angejibu vile vile tena? Anakata uzi kwa meno.

"Ningejibu vile vile. Ila ningewaambia wenzangu kwanza. Niliwasemea watu sitini bila kuwauliza."

Wanane kati yao wamekubali kupimwa mikono zahanati, kisha wapeleke vyeti vya daktari ofisi ya kazi kwa pamoja, kudai fidia. Anataka shoga yake awe wa tisa. Ijumaa atakwenda kwake tena.

"Akinifungia, nitakaa kizingitini. Lazima atatoka kuanika nguo."