Mwongozaji wa filamu za kutisha na wafu waliovua mabuti

Saa tatu asubuhi, na hapa kisiwani Langvær, kaskazini ya mbali, bado hakujapambazuka sawasawa. Mbele ya nyumba nyeupe ya Bibi Eldbjørg Myklevoll, wafu wamesimama ndani ya bahari, maji yamewafika mapajani. Nguo zao za kuvulia zimejaa mwani, nyuso zimepakwa rangi ya majivu, na mmoja wao anasoma simu.

"We Torfinn, weka simu!" anafoka Gaute Myklevoll kutoka ufukweni. "Umekufa miaka na miaka, nani atakupigia?"

"Mke wangu," anajibu Torfinn, mvuvi na jirani yake. "Huyo hata nikizikwa atapiga."

Wafu wote wanaangua kicheko. Gaute naye anacheka, kisha anaingia majini na kuwagawia kahawa humohumo, maana baridi ya Januari si mchezo.

Gaute ana miaka hamsini na miwili. Anaongoza filamu ambazo ukianza kuzitazama unadhani ni vichekesho, katikati zinageuka hadithi ya mapenzi, na mwishoni unaogopa kwenda chooni peke yako. Zimeonyeshwa katika nchi ambazo yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga. Lakini siku tatu za kila wiki utamkuta kwenye ghala la samaki la hapa kisiwani, aproni ya plastiki mpaka magotini, akipasua chewa.

"Filamu hunilipa ikijisikia," anasema. "Chewa hunilipa kila mwezi."

Waigizaji wake wengi ni majirani. Wanakuja kama wanavyokuja kupaka rangi ukumbi wa vijana au kusafisha gati kila masika: bila malipo, alimradi kuna vafeli za moto, chapati zao za mayai, na jamu. Namna anavyowachukua watu hawa wapole, wasiopenda hata kuinua sauti, na kuwafanya wakuondolee usingizi wiki nzima, mimi niliyekuja kuandika habari zake mpaka leo sielewi.

"Mtu akicheka anaacha kujilinda," ananieleza. "Hapo ndipo ninapoingia. Ila kicheko chenyewe kiwe cha haki. Nikimdanganya kwenye kucheka, hataniamini kwenye kuogopa."

Filamu ya safari hii inamgusa pabaya. Inahusu wavuvi waliozama ambao siku moja wanarudi majumbani kwao. Baba yake, Arnfinn, alitoka kuvua asubuhi moja ya Februari, Gaute akiwa na miaka tisa. Mashua ilipatikana. Yeye hakupatikana.

Mama yake, Bibi Eldbjørg, ana miaka themanini na mmoja na hajatazama hata filamu moja ya mwanawe mpaka mwisho. Nyumba ameitoa kwa sharti, na sharti lenyewe analirudia mbele yetu sote, huku akivuta kiti karibu na jiko na kutoa sufu yake ya kufumia.

"Nitakaa hapa nione kwa macho yangu. Nikiona mnamfanyia mzaha marehemu, mnafungasha wote, na hiyo filamu inakufa leo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Mlangoni Gaute ananinong'oneza, "Nikishindwa leo, basi. Hakuna nyumba nyingine. Mlango anaoujua baba ni huu."

Kamera inawashwa. Maiken, mwigizaji kutoka mjini anayecheza kama mke wa mvuvi aliyezama, anashika kisu cha jikoni.

"Haya!" anaita Gaute.

Wafu wanatoka baharini wakipepesuka. Mlango unasukumwa, unagonga ukuta. Torfinn anaingia wa kwanza, macho yamemtoka, maji yanamchuruzika, mikono ameinyoosha mbele. Anafika kwenye zulia la mlangoni, anasimama, anainama, anavua mabuti.

Anayapanga kando ya ukuta, visigino vimelingana. Wa pili naye anavua. Wa tatu anamshika wa pili bega asianguke. Ukumbi mzima wa kuingilia umejaa maiti wanaosukumana wakivua viatu.

Maiken hana mbavu. Kamera inatikisika kwa kicheko cha mpiga picha.

"Jamani!" Gaute anajishika kichwa. "Torfinn, wewe ni mzimu! Umekuja kuua!"

"Niingie na mabuti kwa Eldbjørg?" Torfinn ameshtuka kwelikweli. "Si ataniua yeye kwanza?"

Kicheko kinalipuka tena. Halafu kinakatika ghafla, kwa sababu Bibi Eldbjørg amesimama.

Gaute anakuwa mweupe kuliko wafu wake. "Mama, nisamehe. Hawakukusudia. Haukuwa mzaha."

Bibi anayatazama mabuti. "Nani kawaambia wavue?"

"Hakuna, mama. Ni mazoea tu."

"Basi hivyo ndivyo angeingia," anasema taratibu. Kisha anamgeukia Maiken. "Na wewe, mwanangu, kisu cha nini?"

"Imeandikwa nipige kelele, bibi. Nijitetee."

"Ujitetee na nani? Mumeo karudi! Mimi nimengoja zaidi ya miaka arobaini, halafu nimpigie kelele?"

Gaute anachukua kisu mkononi mwa Maiken, anakiweka kwenye droo.

"Wewe ungefanya nini, mama?"

"Ningeweka kahawa."

"Basi tuonyeshe."

Wafu wanarudi baharini bila utani. Gaute ananiambia anataka filamu ionyeshwe kwanza hapahapa, ukumbi wa vijana, sikukuu ya Pasaka, wakati ambapo, kwa desturi ya huku, kila nyumba inatafuta hadithi ya kutisha. Miji mikubwa itasubiri. Anataka mama yake akae mstari wa mbele, na safari hii asiondoke katikati.

"Haya," anasema, kwa sauti ndogo.

Mlango unafunguka. Torfinn anavua mabuti. Wenzake wanavua, mmoja baada ya mwingine, kimya, na Mungu wangu, nywele zinanisimama. Ni watu walewale waliotuchekesha muda mfupi uliopita, lakini sasa natamani kukimbia na siwezi kuondoa macho. Wanakaa mezani na soksi zao zilizolowa. Bibi Eldbjørg anamimina kahawa, kikombe baada ya kikombe, bila kuitazama kamera hata mara moja.

Anapomaliza anaweka birika chini. Anazitazama nyuso za waliokaa, anazirudia tena. Kisha anatazama mlango uliobaki wazi.

"Ndio nyie tu?" anauliza.

Maneno hayo hayakuandikwa popote. Torfinn, ambaye mzimu wake haupaswi kusema, anainamisha kichwa. Mpiga picha anamgeukia mwongozaji, akingoja aambiwe akate. Gaute analia, na kamera inaendelea kumchukua mama yake akitazama nje.