Kiko cha Gunzi

Leo katika Soko la Toi nimekuta kiko kwenye rundo la mitumba. Nimekinusa, na baba akanirudia.

Baba alikuwa mlinzi Kawangware, na mama alikuwa kijijini. Kila jioni baba aliketi nami mlangoni petu Kibera, akivuta kiko alichojichongea kwa gunzi la mahindi. Kikizimika, alikwenda kazini, nami nikabaki peke yangu hadi asubuhi.

Jioni moja nilikijaza mimi. Nilishindilia tumbaku kwa kidole gumba, kwa nguvu zangu zote. Baba akavuta hadi mashavu yakabonyea. Moshi haukutoka.

"Wewe mama," akaniambia, kama alivyozoea kuniita mimi bintiye, "umejenga ukuta humu?"

"Nilitaka ikae sana."

Baba akaimwaga tumbaku kiganjani, akanishika kidole. "Ya chini iache ipumue. Ya juu kaza kidogo tu. Mimi nitavuta polepole."

Akavuta polepole mno, akachelewa kazini.

Nimekinunua kile kiko, na tumbaku kidogo, ingawa mimi ni mtu wa kanisa na sivuti. Nimekijaza alivyonifundisha, nikamshukuru Mungu kwa jioni ile. Sasa nimeketi nacho mlangoni. Sitakiwasha, kisije kikazimika.